Mizani na Mkutano: Vyama vya Wakulima wa Kahama, Shinyanga na Geita

Kabla ya sheria yoyote ya ushirika kuandikwa Tanganyika, wakulima wa Usukuma walikuwa na chama chao kiitwacho elika. Kiliwaunganisha vijana wa gunguli moja, yaani kijiji kilicho chini ya ng'wanangwa mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kulima. Mwenye shamba lililomshinda alipeleka ombi. Elika ikaja na majembe na ngoma, ikamaliza kwa siku moja kazi ambayo kaya yake peke yake ingeihangaikia kwa majuma, kisha ikalipwa ng'ombe, mbuzi au chakula, na malipo hayo yakaliwa au kugawanywa na wote waliolima.

Kiongozi wa elika aliitwa nsumba ntale, na kwa wingi basumba batale. Ntemi, yaani mtawala wa jadi, hakumteua, wala ng'wanangwa hakumrithisha mwanawe cheo hicho. Wanachama wenyewe walimchagua kwa kumwona anavyofanya kazi na anavyosema na watu. Juu yao walikuwapo banamhala, wazee wenye chama chao na karamu zao, walioshauri na kuamua mashauri ya kijiji. Kwa hiyo katika kijiji kimoja kulikuwa na mamlaka ya utawala na kando yake mamlaka ya uanachama, na mtu wa kawaida alijua lipi la kupeleka wapi. Nidhamu ya elika haikuhitaji askari. Asiyetokea kazini bila sababu alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa: hakuna aliyekwenda kumlimia wala kumsaidia katika msiba. Katika nchi ambamo masika ni mafupi na jembe la mkono ndilo lililokuwa nguvu pekee, kutengwa wakati wa kulima kulikuwa adhabu nzito.

Kazi hiyo ilikuwa na muziki wake. Wasukuma wamegawanyika kwa vizazi vingi katika jumuiya mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, na vikundi vya kulima vilichukua upande katika mashindano hayo. Ningi, yaani mtunzi na mwongozaji wa nyimbo, alikuwa na sifa inayolingana na ya mlimaji hodari, na ngoma ya majembe ya Bagobogobo bado inachezwa kwa jembe kurushwa juu na kudakwa. Kila mwaka mwezi wa Juni, baada ya mavuno, mashindano hayo hukusanya umati mkubwa kwenye sherehe ya Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, mkoani Mwanza. Jambo hili linastahili kutajwa katika historia ya vyama vya wakulima kwa sababu ndilo lililowafundisha watu wa eneo hili kuwa mwanachama wa kitu kinachovuka mpaka wa kijiji. Mgika wa Shinyanga alikuwa na wenzake Geita ambao hakuwahi kuonana nao, na walipokutana walikuwa tayari upande mmoja.

Pamba iliingia wakati wa utawala wa Wajerumani, lakini iliota mizizi chini ya Waingereza. Reli ya kutoka Tabora, inayopita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa mji huo, kikaanza kuzalisha mbegu zinazofaa udongo na mvua za kanda hiyo katika miaka ya 1930. Wilaya tano zilizohesabiwa kuwa Usukuma, yaani Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita, zikawa shamba kubwa la pamba la Tanganyika. Geita, iliyokuwa na pori kubwa na mbung'o wengi, ilijaa wahamiaji kutoka mashariki waliotafuta ardhi mpya. Kahama ilikuwa upande wa pili wa mpaka wa utawala, ndani ya Jimbo la Magharibi lenye makao yake Tabora, nchi ya Wanyamwezi na Wasumbwa. Baada ya uhuru iliwekwa katika Mkoa wa Shinyanga, na ndiyo maana historia yake ya ushirika inafungamana na tumbaku ya upande wa Tabora kama inavyofungamana na pamba ya upande wa Ziwa Victoria.

Kuuza pamba kulikuwa jambo jingine kabisa na kuilima. Pamba ghafi ilinunuliwa katika vituo vilivyotangazwa na serikali, na wanunuzi walikuwa wafanyabiashara, wengi wao wa asili ya Kiasia, waliokuwa mawakala wa wenye vinu vya kuchambulia. Mkulima alifika na mzigo kichwani, au juu ya punda, au kwenye gari la ng'ombe, baada ya kupanda, kupalilia mara kadhaa, kuchuma kwa vidole na kutenga pamba nyeupe na chafu. Pale kituoni karani aliuweka mzigo kwenye mizani, akataja uzito kwa ratili, akahesabu fedha. Mkulima asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kujua kama kilichotajwa ndicho kilichoandikwa, wala kama mizani yenyewe ilikuwa sawa. Malalamiko ya kupunjwa yalienea kila kona ya Jimbo la Ziwa, jimbo lililokuwa na wilaya hizo tano. Bei ilipangwa na serikali kabla ya msimu, kwa hiyo mkulima hakuweza kugombania bei. Uzito ndio ulikuwa uwanja wa mapambano.

Upande wa pili wa ziwa, Uganda, malalamiko ya namna hiyo hiyo yalilipuka. Wakulima wa Buganda, ambao umoja wao uliongozwa na Ignatius Musazi, walidai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na dai hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyozaa ghasia za Aprili 1949. Usukuma ulifuata njia tulivu zaidi. Wakulima wa baadhi ya maeneo, Ukerewe ikiwa mojawapo, walianza kuchanga fedha na kuajiri mtu wao anayejua kusoma mizani, asimame kituoni wakati wa kununua na kuthibitisha uzito. Mpimaji huyu hakununua chochote wala hakuuza chochote. Alikuwa jicho la wenzake. Vikundi vilivyomlipa ndivyo vilivyokuwa mbegu ya ushirika mkubwa wa pamba, na ni vema ikumbukwe kwamba ushirika huo ulianzia kwenye kukagua, haukuanzia kwenye biashara.

Mtu aliyeviunganisha vikundi hivyo alikuwa Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mchungaji wa Kiadventista, akafanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui, Shinyanga, kuanzia 1945 hadi 1947. Kutoka hapo akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Ujuzi wa vitabu vya hesabu alioupata mgodini ulikuwa adimu wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka vijijini akihamasisha vikundi vya wapimaji na vya wakulima viungane katika umoja mmoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa. Hoja yake ilieleweka upesi: kama wakulima wanaweza kumlipa mtu akague mizani ya mwingine, wanaweza pia kuwa na mizani yao.

Sheria ilikuwapo tayari. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika tangu 1932, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wameitumia mwaka 1933 kuunda KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa. Msingi wa sheria hiyo ulitoka Uingereza, kwenye kanuni za wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale walioanzisha duka lao mwaka 1844: kila mwanachama kura moja bila kujali ukubwa wa hisa zake, milango iwe wazi kwa anayetaka kujiunga, na ziada irudi kwa wanachama kwa kadiri walivyotumia huduma. Serikali ya kikoloni ilipoona kwamba vuguvugu la pamba haliwezi kuzuiwa, ilileta ofisa wa ushirika kulisajili. Bomani akaenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika karibu na Loughborough mwaka 1953 na 1954. Mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama Vikuu vya Ushirika vya Victoria, uliojulikana kwa herufi za VFCU, makao yake Mwanza, na Bomani akawa meneja mkuu wake.

Muungano huo ulikuwa na ngazi tatu, na namna ngazi hizo zilivyofanya kazi inaeleza mengi kuhusu nguvu zake na kuhusu mahali ulipokuja kupasukia. Ngazi ya chini ilikuwa chama cha msingi. Kilihudumia kijiji kimoja au vichache vilivyo jirani, na mwanachama alijiunga kwa kulipa kiingilio na kununua hisa. Mkutano mkuu wa wanachama ulichagua kamati, kamati ikaajiri katibu na karani wa kupima. Chama kilikuwa na banda la kuhifadhia, mizani, daftari la wanachama na kasiki ya fedha. Msimu ulipofunguliwa, kwa kawaida baada ya masika, mkulima alileta pamba, ikakaguliwa na kuwekwa daraja, ikapimwa mbele yake, akapewa stakabadhi na fedha taslimu. Kamati ilisimama pale pale. Wajumbe wake walikuwa wakulima, na kila mmoja wao alikuwa na zamu yake ya kuweka mzigo kwenye mizani ile ile, kwa hiyo kosa la mizani lilimgusa anayeisimamia.

Ngazi ya pili ilikuwa chama kikuu, kilichokusanya vyama vya msingi vya eneo na kupanga magari ya kubeba pamba, magunia na fedha za kununulia. Ngazi ya tatu ilikuwa muungano wenyewe, uliozungumza na bodi ya serikali iliyosimamia uuzaji wa pamba, ukakopa fedha za msimu, na kumiliki vinu. Kila ngazi ilikatwa senti zake katika bei ya kila ratili. Mwanachama aliziona senti za chama cha msingi zikigeuka bati la banda na mshahara wa karani anayemjua. Senti zilizokwenda juu zaidi hakuziona, na kadiri miaka ilivyopita makato hayo yaliongezeka.

Kinu cha kwanza cha wakulima wenyewe kilifunguliwa Kasamwa, wilayani Geita, mwaka 1956. Umuhimu wake unahitaji kuelezwa kwa hesabu. Pamba ghafi ikipita kinuni hutoa takribani theluthi moja ya nyuzi, na sehemu kubwa ya uzito unaobaki ni mbegu. Mwenye kinu hufunga nyuzi katika marobota na kuziuza nje, hukamua mafuta kwenye mbegu, mashudu yakalisha ng'ombe, na sehemu ya mbegu ikarudi shambani kupandwa. Anayeuza pamba ghafi peke yake huachia vyote hivyo. Vinu vingine vilifuata, vingine vikijengwa na vingine vikinunuliwa kwa wenyewe wa zamani, na kabla ya uhuru VFCU ilikuwa inanunua zao lote la pamba la Jimbo la Ziwa. Ilisifiwa kuwa mojawapo ya vyama vya ushirika vikubwa kuliko vyote Afrika vilivyomilikiwa na Waafrika, na sifa hiyo ilipatikana ndani ya miaka isiyozidi kumi tangu wapimaji wa kuchangiwa waanze kusimama vituoni.

Hali ya siasa ilichangia. Kuanzia 1954 hadi 1958 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilinyimwa usajili wa matawi katika Jimbo la Ziwa, na mikutano yake haikuruhusiwa. Mkutano wa chama cha ushirika uliruhusiwa. Watu wale wale waliokatazwa kuzungumzia utawala walikaa chini ya mti mmoja kujadili makato, bei na uteuzi wa makarani, wakajifunza kupiga kura, kuandika muhtasari na kumwondoa kiongozi kwa utaratibu. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipolikataa baraza la wilaya la watu wa mataifa mchanganyiko na kuandamana hadi Mwanza, walikuwa wamekwishapata miaka kadhaa ya mazoezi ya kukutana na kuamua.

Uhuru uliwapandisha viongozi wa ushirika. Bomani mwenyewe aliingia serikalini kuwa waziri wa kilimo mwaka 1960, kisha waziri wa fedha. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963 kufundisha makatibu na wahasibu, na ushirika ukaenezwa kwa kasi hata mahali ambapo hakuna aliyeuomba. Kasi hiyo ilileta matatizo yake. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini kote, ikakuta wanachama wasioelewa haki zao, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, demokrasia dhaifu katika vyama vikuu na mkono wa wanasiasa kila mahali. Malalamiko ya wakulima wa pamba yalikuwa ya aina hiyo: watumishi wengi kupita kiasi Mwanza, na makato yasiyoelezwa. Serikali iliingia mwaka 1967 kuchukua uendeshaji wa VFCU, na mwaka uliofuata mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Uchunguzi ulikuwa wa haki na makosa yalikuwapo, ila dawa haikugusa ugonjwa. Kamati iliona kuwa mwanachama hana sauti katika ngazi za juu, na jibu likawa kuweka mameneja waliotumwa kutoka serikalini, ambao mwanachama hakuweza kabisa kuwaondoa. Tangu hapo katibu wa chama alikuwa na sababu ya kutazama juu kuliko kutazama benchi la wakulima lililo mbele yake.

Hatua ya mwisho ya mwelekeo huo ilichukuliwa mwaka 1976. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilikwishakifanya kila kijiji kilichosajiliwa kuwa chama cha ushirika, na kila mkazi mtu mzima kuwa mwanachama bila kuomba. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, Nyanza ikiwamo. Mamlaka ya Pamba ya serikali ikawa inanunua moja kwa moja kwa vijiji. Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, ambavyo watu wake walikuwa wamehamishwa karibuni tu na Operesheni Vijiji, pamba ilikaa ghalani ikisubiri gari, na mkulima akakaa akisubiri fedha. Wengi waligeukia mpunga wa majaruba, mahindi na mifugo, vitu ambavyo mnunuzi wake alipatikana mlangoni. Uanachama wa lazima ulikuwa umefuta maana ya uanachama, kwa kuwa asiyeweza kutoka hana namna ya kuonyesha kwamba hakuridhika.

Uwezo wa kujipanga haukupotea, ila ulikwenda kwingine. Mwaka 1981 na 1982, katika eneo la Kahama na wilaya jirani za Shinyanga na Nzega, wanakijiji walianzisha Sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe na ujambazi. Hakuna wizara iliyowaagiza. Walichagua viongozi wao, wakampa mkuu cheo cha ntemi kilichokuwa kimefutwa na serikali mwaka 1963, wakatoza faini, na aliyekaidi wakamtenga kama elika ilivyofanya. Katika miaka michache jeshi hilo la mishale na mwano, yaani kilio cha kuita watu, lilienea Usukuma na Unyamwezi wote. Jambo kama hilo lilitokea pia katika malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 kurudisha miti katika nchi iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya pamba na kuua mbung'o, ulifanikiwa pale ulipoacha kugawa miche tu na kuunga mkono ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho hadi kiangazi. Sheria za ngitili za pamoja ziliwekwa na dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji. Maelfu kwa maelfu ya hekta yaliota tena, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Nyanza ikafufuka, na Mkoa wa Shinyanga ukapata SHIRECU, chama kikuu chake chenyewe. Kahama baadaye ikawa na KACU. Vilirithi vinu, maghala na magari mabovu, pamoja na madeni. Shirika la ukaguzi, COASCO, liliundwa kukagua vitabu vyao. Hata hivyo vilirudi kwa amri kama vilivyoondoka, vikiwa chini ya jumuiya ya chama tawala, na fedha za kununua pamba zilikopwa benki kwa msukumo wa kisiasa. Sheria ya 1991 ndiyo iliyorudisha kanuni ya hiari, kwamba chama ni cha wanachama walionunua hisa. Ilichelewa. Mwaka 1994 soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vikuu vikaingia kwenye ushindani vikiwa na mzigo wa mikopo na wafanyakazi. Mnunuzi binafsi alikuja na fedha mkononi. Mkulima aliyewahi kusubiri malipo kwa miezi hakuhitaji kushawishiwa. Ndani ya miaka michache sehemu ya Nyanza na SHIRECU katika ununuzi ikawa ndogo, na baadhi ya mali zao zikawekwa rehani au kuuzwa.

Uhuru wa soko ulileta malipo ya papo kwa papo, ukaondoa jambo moja ambalo halikutiliwa maanani. Wataalamu wa Ukiriguru walikuwa wamegawa kanda ya pamba katika maeneo ya mbegu, kila eneo na aina yake, ili sifa za nyuzi zibaki na ugonjwa wa mnyauko usisambae. Utaratibu huo ulitegemea mbegu ya eneo irudi katika eneo lile lile kupitia kinu chake. Wanunuzi wengi walipoanza kusafirisha pamba kutoka wilaya hadi wilaya, mbegu zilichanganyika. Mizani nayo ikarudi kuwa uwanja wa vita: mawakala wakashutumiwa kwa mizani iliyochezewa, na wakulima nao kwa kutia maji na mchanga kwenye pamba. Pande zote mbili ziliharibu jina la pamba ya Tanzania nje, na hakukuwa na mpimaji ambaye wote wawili walimwamini.

Wakati huo huo dhahabu ilikuwa inabadilisha nchi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, mwaka 2009. Buzwagi iko katika kata ya Mwendakulima, jina linalosomeka kwa Kiswahili kama aendaye kulima, na mashamba yaliyochukuliwa na mgodi yalikuwa ya watu waliokuwa wakiishi kwa jina hilo. Mji wa Kahama ulikua, soko la mboga, nyanya, mchele na nyama likakua pamoja nao. Jiko la mgodi, hata hivyo, hununua kwa mkataba: kiasi kile kile kila juma, ubora ule ule, risiti na hesabu ya benki. Mkulima mwenye vitalu vichache vya mchicha hawezi kuyatimiza hayo peke yake. Chama kinaweza, kikiwa na katibu anayejua kuandika ankara na wanachama wanaokubali kupanda kwa zamu. Mgodi ulipofungwa mwaka 2021 na eneo lake kutengwa kuwa la viwanda, hitaji hilo halikuisha, maana Kahama ilikuwa imekwisha kuwa mji mkubwa.

Wachimbaji wadogo walijifunza somo hilo hilo. Kila mkoa wa dhahabu una chama chake cha wachimbaji, na vyama hivyo vimeungana kitaifa katika shirikisho la FEMATA. Kwa upande wa wakulima, chama cha kitaifa kisichotokana na zao moja kilizaliwa mwaka 1993 huko Morogoro, kikisaidiwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine: Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA. Haukuanza na vinu wala magari. Wakulima kutoka mikoa mbalimbali walianza kwa kutembeleana na kuelezana wanavyolima na wanavyouza. Uanachama unaanzia kwenye kikundi, vikundi vinaunda mtandao wa eneo, mitandao inafika mkoani, na mkutano mkuu wa taifa huchagua viongozi ambao sharti wawe wakulima. Kauli yao, kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, ina historia yote ya 1976 ndani yake. Chama cha namna hii hakinunui zao, kwa hiyo hakina fedha ya makato, na michango ya wanachama peke yake haitoshi kuendesha ofisi. Hutegemea pia wafadhili, na udhaifu huo viongozi wake wanapaswa kupambana nao kila mwaka. Faida yake ni kwamba mkulima wa dengu wa Shinyanga na wa muhogo wa Geita wanaweza kukaa meza moja bila kuulizwa wanauza nini.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kuanzia msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba yote inunuliwe kupitia vyama vya msingi, vinavyojulikana sasa kwa jina la AMCOS. Mwaka uliofuata bei ya dunia ilishuka chini ya bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo. Wanunuzi walisita, na wakulima wa Shinyanga, Geita na mikoa jirani walikaa miezi wakidai malipo ya pamba waliyokwisha kuikabidhi. Makatibu wa AMCOS ndio waliobeba lawama vijijini, ingawa fedha haikuwa mikononi mwao. Utaratibu wa kuuza kwa mnada kupitia maghala umepanuliwa baadaye kwa dengu na choroko, nao umepokelewa kwa mabishano: wako waliofurahia bei ya mnada, wako waliochoka kusubiri.

Kabla ya msimu kufunguliwa, Wakala wa Vipimo hupita vituoni kukagua na kuweka alama kwenye mizani, na vyama vingi vimeacha mizani ya kuning'iniza vikachukua ya kidijitali inayoonyesha namba pande mbili, moja kwa karani na moja kwa mwenye mzigo. Malipo mengi hupita benki au simu ya mkononi. Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, taarifa ya hesabu husomwa kwa sauti: kilo zilizonunuliwa, makato ya chama, makato ya chama kikuu, ushuru wa halmashauri, magunia, usafiri. Mwanachama aliyenunua hisa ana haki ya kusimama na kuuliza kila senti ilikokwenda.